Mwaka Nilioambiwa Sina Mpaka

Wawira alinipigia simu nikiwa kibarazani napukuchua mahindi, akaniambia Mwalimu Nyaga amefariki, mazishi ni Ijumaa, na kwamba mimi ndiye niliyeteuliwa kuandika neno la shukrani kwa niaba ya wanafunzi wake wa kwanza. "Wewe ndio unajua kuandika," alisema. "Andika kitu kizuri, haki. Watoto wake watakuwa hapo." Nilimwambia nitaandika. Kizuri sikumwahidi. Nina miaka sitini na miwili, magoti yananisumbua, na nimefanya kazi ya kusikiliza shida za watu kwa muda mrefu kuliko marehemu alivyoifundisha. Najua kwamba aliyekufa hasemwi vibaya mbele ya jeneza lake. Ndiyo maana haya nayaandika nikiwa nyumbani kwangu, mbali na jeneza, nikiwa na chai yangu, na atakayeona uchungu asisome.

Chuo chenyewe kilikuwa majengo matatu ya mbao na mabati nje kidogo ya mji wa Embu, na kilifundisha ushauri nasaha wakati ambapo watu wengi kwetu hawakujua kwamba kuna kazi ya namna hiyo. Nilipowaambia majirani wa kwetu Mikinduri, Meru, kwamba naenda kusomea kusikiliza watu, mmoja aliniuliza kama kuna na shule ya kupumua. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilipangiwa chumba kimoja na Wawira, msichana wa wafugaji wa mbuzi kutoka nyanda za chini za Mbeere, ambako jua halina adabu, na kwa hiyo Julai ya Embu ilimtesa. Alilala na soksi, sweta na kofia, na bado nilisikia meno yake yakigongana. Kuta zilikuwa za mbao nyembamba kiasi kwamba tulijua wasichana wa chumba cha pili wanaomba nini kwa Mungu na wanamsengenya nani baada ya kusema amina. Asubuhi tulikula uji wa wimbi na, siku za Jumatano, yai moja la kuchemsha kila mtu. Yai lile la Jumatano ya kwanza ndilo yai la kwanza maishani mwangu. Wawira alinitazama nikiligeuzageuza mkononi, akauliza, "Kwani huko Meru hakuna kuku?" Kuku walikuwepo. Aliyekuwa hali mayai ni bibi yangu.

Hapo lazima nieleze. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na jina hilo halivaliwi kama kofia ya kuvua ukifika mlangoni. Bibi aliitwa Nkirote, nami ni Nkirote, kwa hiyo baba yangu aliniita mama. Hakuwa anatania. Akitoka sokoni aliniletea zawadi ambayo mtu humletea mama yake. Akiwa na neno gumu la kuamua aliniuliza maoni yangu, hata nilipokuwa na miaka minane na maoni yangu yalihusu zaidi paka. Nilipougua surua waliulizana bibi alipenda kula nini alipokuwa mgonjwa, wakanipikia hicho hicho. Na kwa kuwa marehemu bibi hakugusa mayai, yalikaangwa nyumbani kwetu miaka ishirini bila mtu kuniuliza kama nayataka. Sasa fikirini niko Embu, na yai mkononi, na chumvi, na ninaligundua kuwa ni tamu. Nilikasirika sana siku ile. Nilimwomba Wawira nusu ya lake, akanipa.

Mwalimu Nyaga alikuwa mrefu, msafi, na alisomea ng'ambo. Suruali yake ilikuwa na mkunjo uliosimama hata siku za matope. Sitamnyima haki yake: alifundisha vizuri. Alichora duara ubaoni kwa chaki, akaandika ndani "mimi" na nje "visivyo mimi", akatuambia kwamba huo mstari mtu hazaliwi nao. Mtoto mchanga, alisema, hajui kwamba titi si lake. Anadhani njaa na maziwa na mkono unaomshika ni kitu kimoja, na kitu hicho ni yeye. Polepole, kwa kungojeshwa na kuangushwa na kuachwa alie, anajifunza kwamba kuna mahali anapokoma na wengine wanaanza. Huo ndio mpaka wa nafsi. Mpaka ukiwa dhaifu, mtu husikia mawazo ya mwingine kama yake, hubeba huzuni isiyomhusu, huamini kwamba watu wanaingia na kutoka ndani yake. Ukibomoka kabisa, huyo ni wa hospitali. Mimi niliandika kila neno, kisha nikalitazama tena lile duara, kwa sababu nilijua kuna mwanamke mwingine aliyeandikwa ndani ya langu kabla yangu.

Kila mwanafunzi alikuwa na saa moja kwa wiki ofisini kwake, mlango umefungwa, kusimulia maisha yake mwenyewe. Huwezi kusikiliza wengine kabla hujasikilizwa, alisema, na mpaka leo naamini hilo. Ofisi ilinukia rangi ya viatu. Kulikuwa na kochi lenye vitambaa vya kufuma mgongoni, na ulipoegemea vitambaa vilikufuata ulipoinuka. Yeye alikaa kando na faili mapajani, akiandika. Nilimweleza yote, hata ya mayai, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Baba anakuita nani?" aliniuliza.

"Mama."

"Na wewe unaitika?"

"Naitika."

"Kila mara?"

"Akiwa amekasirika ananiita kwa jina."

Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akainua macho, akaniambia kwa sauti ya upole ambayo ndiyo iliyoniumiza zaidi, "Unaona shida iko wapi? Huko ndani hakuna mtu, Nkirote. Kuna nyanya yako amevaa sketi."

Niliogopa. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu nimekutana na wengi tangu wakati huo ambao mtu msomi aliwaambia jambo kama hilo na wakalibeba miaka. Nilianza kujichunguza kama mtu anayetafuta kupe. Wawira alipolia kwa sababu ya barua kutoka nyumbani na machozi yakanitoka, nilijiuliza machozi haya ni ya nani. Nilipoota ndoto, niliamka nikijiuliza nani ameiota. Hata kupenda chumvi kulinitia shaka. Mwezi wa tatu wa mambo hayo, kabla ya likizo ya Agosti, Mwalimu Nyaga alinipa zoezi. "Uende nyumbani," alisema. "Baba akikuita mama, usiitike. Mwambie straight, mimi si mama yako. Halafu uniletee report. Bila hiyo sikupitishi. Siwezi nikatoa counsellor hajui anaanzia wapi na anaishia wapi." Nilisema sawa, mwalimu. Nilitaka kile cheti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilitaka kupona.

Sikumkuta baba nyumbani. Alikuwa amelazwa katika hospitali ya misheni kule Nkubu, ana ngiri aliyoificha chini ya shati miaka mingi akiendelea kubeba mafurushi ya miraa na mikungu ya ndizi, mpaka ikakataa kurudi ndani. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba ikijisokota haitangoja mtu. Nilifika asubuhi ya upasuaji. Wodi ilikuwa na vitanda sita, harufu ya dawa ya kuosha sakafu, na redio ndogo iliyosoma bei za kahawa. Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda ndani ya gauni la kijani lililomfikia juu ya magoti, miguu yake myembamba nje. Alipoona ni mimi, uso ulimfunguka wote. "Mama, umefika," alisema kwa Kimeru. "Nilikuwa nawaambia sitaenda kabla hujafika." Kisha akafungua kamba za gauni, akaniwekea kifua wazi. Mtu wa kwetu anayekwenda mahali pa hatari hubarikiwa na mama yake: humtemea mate kidogo kifuani, kama manyunyu, na kumwambia maneno ya kwenda na kurudi. Wa kumbariki nilikuwa mimi. Mzee wa kitanda cha pili alipunguza redio kwa heshima.

"Baba," nilisema, na sauti ikatoka nyembamba, "mimi si mama yako."

"Wewe ni Nkirote."

"Ndiyo, lakini mimi ni binti yako. Binti tu. Mama yako alikufa."

Baba hakukasirika, na ningetamani angekasirika. Alinitazama kama mtoto aliyesukumwa kutoka mapajani. Akafunga kamba za gauni moja moja, akatafuta suruali yake chini ya mto, akaivaa kwa shida akishikilia ubavu. Sista wa wodi alikuja mbio. "Mzee, wapi sasa? Theatre iko tayari, daktari amenawa!" Baba akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mama imekataa." Sista aliangalia huku na huku wodini akimtafuta bibi kizee.

Tulirudi Mikinduri pamoja. Katika mkoba wangu nilikuwa na karatasi ya zoezi, na kwa kipimo cha mwalimu nilikuwa nimefaulu. Siku tatu nilikaa katika nyumba ile nikiwa nimefaulu. Hakuna aliyenilaumu. Niliandaliwa chakula kama mgeni, maharage ya njahi na ndizi za kuponda, katika sahani ya maua, na baba akaitwa ale akasema hana njaa. Alilala kwa ubavu mmoja, uso ukiangalia ukuta, na kupitia mlango nilisikia shangazi akimnong'oneza, "Mngoje. Labda amechoka. Mama alikuwa hivyo akichoka." Nilitaka kupiga kelele. Hata kukataa kwangu walikuwa wamekwisha kukufanya kukataa kwa bibi. Na wakati huohuo niliona rangi ya midomo ya baba ikibadilika, na nikajua kwamba zoezi langu litamuua, na kwamba Mwalimu Nyaga ataandika hilo pia kwenye faili.

Nilikuwa nimeazima kitabu cha maktaba, kile alichofundishia. Siku ya tatu nilikaa mlangoni kwenye mwanga nikakisoma chote, si zile kurasa alizotunukulia tu. Huko mbele, baada ya sura ya wagonjwa, kulikuwa na kurasa chache alizoziruka. Zilisema kwamba mpaka wa nafsi si kitu kilichojengwa. Ni kitu kinachohisiwa, na kwa mtu mzima wa afya husogea. Mtu akimpenda mwenzake husogea mbele, ukamchukua na huyo ndani. Mama akinyonyesha husogea. Mtu akifiwa husogea pia. Mgonjwa ni yule ambaye mpaka wake umesogea asijue, au amejua na hawezi kuurudisha. Nilisoma hapo mara nne. Sikuhisi amani yoyote, nilihisi hasira. Yule mtu alijua. Alikuwa na kitabu hicho rafuni kwake, na aliamua kwamba kurasa zile ni za watu wengine, na zetu ni zile za hospitali.

Niliingia kwa baba siku hiyohiyo. Nilivuta kigoda nikaketi upande wa kichwa chake.

"Nimekuja kukubariki," nilimwambia. "Lakini kwanza utanisikiliza."

Akageuka polepole. "Sema, mama."

"Mimi ninakula mayai."

Alifikiri sana. "Mama hakula mayai."

"Najua. Mimi ninakula. Nikiyapata nakula mawili. Na nikiugua, msiulizane bibi alitaka nini, mniulize mimi, niko hapo hapo kitandani. Nikiwa mama yako, baba, ni kwa sababu nimekubali. Siku nikisema leo nimechoka, leo mimi ni Nkirote wa Embu, mtaniacha."

"Hayo ni masharti?"

"Ni masharti."

Baba alianza kucheka, akashika ngiri yake kwa mikono miwili, machozi yakimtoka kwa maumivu. "Hata mama," alisema alipopata pumzi, "alikuwa na masharti!"

Ningeweza kumpiga. Badala yake na mimi nilicheka, kwa sababu hakuna namna ya kumshinda mtu wa aina hiyo, na kwa sababu alikuwa amekubali kwa kichwa wakati akicheka, na mimi nilikiona kichwa. Nikanywa maji, nikamfungua shati, nikamtemea kifuani, nikamwambia aende, alale, aamke. Nitasema kwa ukweli kilichotokea, maana nimewahi kuulizwa na wanafunzi wangu. Kwa muda wa pumzi mbili sikujua kinywa kile ni cha nani. Nilimhisi baba kama mtoto niliyemzaa, mwenye homa, nikampenda hivyo. Kisha nikafuta midomo kwa kanga, na nilikuwa Nkirote, mwanafunzi, mwenye njaa, na aliyechelewa kuanza safari ya kurudisha mgonjwa hospitali. Mpaka ulikwenda na ukarudi. Hakuna aliyeniibia kitu. Alipasuliwa siku ya pili yake, na alipozinduka alichouliza ni kama suruali yake haijapotea.

Nilirudi Embu na ripoti ya kurasa saba. Niliandika kila kitu kama kilivyokuwa, wodi, Sista, kitabu na kurasa zilizorukwa, hata masharti ya mayai. Siku ya kuipeleka nilifika mapema, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi, mgongo kwenye ukuta wa darasa la wageni waliokuja kwa kozi fupi. Nimekwisha kusema kuta zile zilikuwaje. Nilimsikia Mwalimu Nyaga akisoma. "Binti N., miaka ishirini na mmoja, kutoka Mikinduri. Anaamini kwamba yeye ni mama mzazi wa baba yake." Kukawa na mguno. Akaendelea na surua, akaendelea na zawadi za sokoni, akasoma ya mayai kwa kituo, kama mtu anayejua wapi watu watacheka, na walicheka. Sauti ya mwanamume ikauliza, "Na huwa anamnyonyesha huyo mzee?" Darasa zima likaangua kicheko. Nilingoja nimsikie mwalimu akimkemea. Nilichosikia ni kicheko chake, kile kifupi cha puani, nilichokijua vizuri. Mambo yale niliyasema mlango umefungwa.

Aliponiita ndani alikuwa bado ameshika faili. Alisoma ripoti yangu haraka, kurasa saba kwa muda wa mtu kuvaa viatu, akatikisa kichwa.

"Ulikuwa umefaulu," alisema. "Pale hospitali, perfect. Halafu ukarudi nyuma tena. Nkirote, nakuonea huruma. Tufanye hivi." Alinisogezea karatasi iliyopigwa chapa. "U-sign hapa, kwamba unakubali hii hali yako, na kwamba kesi yako inaweza kutumika kwa mafundisho. Mimi nakupitisha. Utafanya kazi chini ya usimamizi, that's all."

"Mwalimu, mafundisho yameanza," nilisema. "Nimewasikia."

Aliweka faili mezani. "Ile ilikuwa academic. Sijataja jina."

"Umetaja Mikinduri. Umetaja mayai. Umecheka."

"Wewe ndiye unaona watu wanaingia ndani yako. Hiyo ndiyo symptom yenyewe."

Kichwa changu kilikuwa wazi kuliko siku yoyote ya mwaka ule. "Umekuwa ukiniuliza ninaishia wapi," nilimwambia. "Baba yangu akiingia, anabisha. Amebisha tangu nizaliwe, nami nimemfungulia, na juzi nimempa masharti na ameyakubali. Wewe uliniambia funga mlango, niko peke yangu na wewe, sema. Halafu ukabeba niliyosema ukaenda kuwachekeshea watu. Mwenye shida ya mpaka katika chumba hiki si mimi."

Alisimama. Sikuwahi kumwona akiwa mwekundu masikioni kabla ya siku ile. Nami nilisimama, nikanyoosha mkono juu ya meza, nikachukua faili. Lilikuwa nene, miezi yangu yote ilikuwamo kwa mwandiko wake mzuri uliolala upande mmoja.

"Weka hilo chini. Hiyo ni mali ya chuo."

"Hii ni mimi," nikasema.

"Ukitoka nalo kwa huo mlango, umeanguka. Cheti sahau."

Miaka mitatu ilipita kabla sijapata cheti kwingine, na nilikipata kwa kuanza upya tangu somo la kwanza, na watoto walionizidi kwa haraka ya kuandika. Baba alikufa akiwa ameniita mama na kwa jina, kwa zamu, kama tulivyokubaliana. Lakini saa ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba mlango ulikuwa hatua nne kutoka pale niliposimama. Nikatoka, faili kwapani, nikawapita wageni wa kozi fupi waliokuwa wakinywa chai uani, mmoja wao labda ndiye yule wa swali, akanisalimia vizuri tu. Nilipofika barabarani nilikaa kwenye ukingo wa mtaro na matope yote. Nilikuwa natetemeka mwili mzima. Nikajitazama mikono ikitetemeka, na kwa mara ya kwanza mwaka ule mzima sikujiuliza anayetetemeka ni nani.